Mama Yuko Mtandaoni

Walijuana kwa sababu ya mwanamke asiye na kichwa.

Jengo lilikuwa na ghorofa nne, maduka tisini na ushee, na lifti iliyokufa zamani sana, hata watu waliozaliwa mwaka wa msiba wake walikuwa wameshaanza kunyoa ndevu. Kila kitu kilipita ngazini: marobota ya vitambaa, majokofu, madirisha mazima na vioo vyake. Saa nne asubuhi, watu wamebanana kama meno ya kitana, mshonaji wa ghorofa ya pili alikuwa anapandisha sanamu lake jipya la kuvalishia nguo, amelikumbatia kiunoni kama mlevi anayerudishwa kwao. Kutoka juu alikuwa anashuka fundi simu, mwenye kibanda chini ya ngazi, macho yote kwenye trei ya vioo aliyobeba. Paji la uso wake likagonga kifua cha sanamu.

"Nisamehe sana, dada yangu," akasema, bado anatazama vioo.

"Amekusamehe," mshonaji akajibu kutoka nyuma. "Ila kwao hawajazoea kuguswa kifuani siku ya kwanza."

Watu wakacheka ngazi nzima. Fundi akainua uso. Alikuwa amesahau lenzi ya kukuzia kwenye jicho moja, kwa hiyo jicho hilo lilionekana kubwa kama sahani, na mshonaji akajiona amesimama humo ndani, mdogo kama pini, kichwa chini miguu juu.

"Kifungo chako cha tatu kiko wapi?" akamuuliza, maana mshonaji huangalia shati kabla ya sura.

"Kilijiuzulu."

"Ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Tutaajiri kingine."

Akaja kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Shati lina vifungo saba, na vyote vilijiuzulu kwa zamu. Muuza viatu wa mlango wa pili, mama mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyewapa majina: huyu Sindano, yule Bisibisi. Majina yakashika.

Siku ya kifungo cha mwisho, Sindano alifungua kopo la biskuti alimowekea vifungo, akatoa simu iliyopasuka kioo kama utando wa buibui. Alikuwa amevaa gauni la zambarau lililopauka mabegani, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu kwenye kola. Sauti yake ilishuka.

"Ya mama. Alifariki miezi miwili iliyopita, na simu ilianguka siku ileile, hospitali. Yeye kuandika alikuwa hataki, anajirekodi tu, na zote alizonitumia zilipotea nilipobadilisha simu. Sitaki simu, Bisibisi. Nataka sauti."

Bisibisi aliipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mfukoni.

Siku ya tatu akampigia.

"Sindano, kaa chini."

"Nimekaa. Ulishaona mshonaji anafanya kazi amesimama?"

"Simu yenyewe imekwisha, bodi imeoza. Ila laini yake nimeihamishia kwenye simu yangu moja kuukuu ya hapa kibandani, ujumbe wote ukashuka. Sauti mia mbili na kumi na tatu. Nakutumia sasa."

"Umezisikiliza?"

"Moja tu, nihakikishe zinatoka."

"Anasema nini?"

"Anasema ukirudi uje na mkate, na usinunue kwa yule mwenye kucha ndefu."

Sindano akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kilikatikia njiani kikawa kitu kingine. Bisibisi hakukata simu. Alikaa naye kwenye laini mpaka akamaliza.

Jioni alimrudishia simu ya marehemu imefungwa kwenye kitambaa safi. "Kila kitu kimo," alisema, na alikuwa anaamini hivyo. Sindano akairudisha kwenye kopo la vifungo. Kuhusu ile laini, hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Usiku Sindano hakulala mapema. Alisikiliza sauti kumi, akamwandikia mama yake, kwenye namba yake ileile, kama mtu anayebisha nyumba anayojua imehamwa: *Mama, nimekusikia. Mkate sinunui kwake.*

Asubuhi, saa mbili na nusu, alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Simu ikawaka pembeni. Chini ya jina la mama pameandikwa: yuko mtandaoni. Tiki mbili zikageuka buluu.

Alibaki ameshika uzi.

"Mama mdogo, hebu njoo."

Mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyeishi naye na kumsaidia kupiga pasi, alikuja na pasi mkononi. Akasoma. Akaiweka pasi juu ya suruali ya mtu, wala hakuikumbuka mpaka moshi ulipotoka.

"Dada kafika salama," akasema hatimaye, akafunga vizuri kitambaa cha kichwani kama mtu aliyeingiliwa na mgeni wa heshima. "Muulize ufunguo wa kabati la vyombo aliuweka wapi."

"Mama mdogo, jamani."

"Si yuko mtandaoni? Aulizwe. Miezi miwili nakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki."

Ufunguo haukujibiwa. Lakini mama aliendelea kuja. Alifika saa mbili na nusu, akasoma, akaondoka saa kumi na moja. Jumapili hakuja. Siku umeme ulipokatika mchana, naye alikatika nao, akarudi ulivyorudi. Mama mdogo alisema huko aliko lazima kuna utaratibu, hawawezi kuachia watu mtandao ovyo. Sindano alirudi kwenye cherehani. Alijua maelezo yapo. Ila maelezo yalikaa upande mmoja wa chumba na mama yake upande mwingine, naye alishachagua pa kukaa.

Akawa anaandika kila siku. Alimwandikia habari za wateja, za bibi mmoja anayetaka gauni la kumpunguza kilo kumi bila kupunguza sambusa, za jino linalomuuma. Alimwandikia habari za Bisibisi pia: *Ana mikono misafi kuliko moyo wangu. Nikimsikia ngazini napoteza kipimo.* Tiki zikageuka buluu, na shingo yake ikapata baridi tamu, kama mtu anayepulizwa na anayempenda.

Mambo madogo yakaanza kutokea. Alimwandikia mama kwamba upepo wa dirishani unamkata mgongo. Keshokutwa Bisibisi akaja na mpira wa kuziba mianya. Alimwandikia kwamba amechoka kuletewa chai ya sukari na hataki kumkwaza mtu. Mchana Bisibisi akaleta chai isiyo na sukari na kipande cha limau.

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha."

"Unabahatisha sana siku hizi."

"Mtu akipenda, Sindano, hata bahati inamwonea huruma."

Akacheka. Mama mdogo, kutoka nyuma ya pasi, akasema wanaume wanaojua mambo bila kuambiwa ni wawili tu: mpelelezi na mume wa mtu. Wakacheka wote watatu. Bisibisi alicheka kidogo kuliko wenzake, akaaga mapema.

Kulikuwa na ujumbe mmoja Sindano aliuzunguka wiki nyingi. Alhamisi moja ya mvua, korido haina wateja, akauandika wote kwa pumzi moja.

*Mama, siku ile nesi alinipigia saa sita, akasema njoo sasa. Nilikuwa na gauni la bibi harusi, limebaki upindo. Nikasema namaliza upindo. Nikamaliza vizuri kabisa, Mama, hauonekani hata kwa jicho la fundi. Nilifika saa nane. Sijamwambia mtu. Mama mdogo anajua gari lilinichelewesha.*

Tiki mbili. Buluu. Halafu, chini ya jina, kitu ambacho hakijawahi kutokea: anaandika...

Sindano aliondoa mguu kwenye cherehani. Sindano ya mashine ilibaki imezama kwenye kitambaa. Sanamu lisilo na kichwa lilisimama dirishani, kifua mbele, kama nalo linasubiri. Anaandika. Ikakatika. Anaandika. Mvua ikapungua, muuza viatu akapiga chafya, na yale maneno yakatoweka, hakuja mtu wala neno.

Alilia siku ile mpaka kola ikalowa. Hakuwa na woga. Alijiona tu kama mtu aliyekaribia kusamehewa, mlango ukafungwa.

Wiki mbili baadaye aliandika jambo jepesi, kwa furaha: *Bisibisi ana neno, naliona linamtembea mdomoni. Akiniuliza, Mama, asipige magoti mbele za watu kama wanavyofanya kwenye video, nitakufa kwa aibu. Aniulize nikiwa natunga uzi kwenye sindano, nipate pa kuangalia.*

Jumatatu Bisibisi alipanda amevaa shati la samawati lililonyooshwa, vifungo vyote saba kazini. Akaegemea meza ya kukatia. Sindano alilamba ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga.

"Sindano," akasema taratibu. "Usiniangalie. Endelea kutunga. Nataka kukuoa. Utakubali?"

Uzi ulikuwa umeshaingia tunduni. Ulichomoka.

Neno la kwanza lililomjia lilikuwa ndiyo. La pili halikuwa neno, ilikuwa baridi, ileile ya shingoni, ila safari hii haikuwa tamu. *Usiniangalie.* Aliwaza upepo wa dirisha. Limau. Saa mbili na nusu mpaka saa kumi na moja, Jumapili kufungwa.

"Nenda kwanza," akasema. "Nitakujibu. Nenda."

Akafungua kopo la vifungo, akafunua kitambaa safi, akachomeka ncha ya pini kwenye kile kitundu cha pembeni ya simu ya mama. Kitrei cha laini kikatoka. Kilikuwa kitupu.

Alishuka ngazi akiwa peku, viatu alivisahau chini ya cherehani. Saa nane mchana, jengo limejaa. Kibanda cha Bisibisi kilikuwa na pazia la plastiki, na nyuma yake alikiona kivuli chake kimeinama. Akatoa simu. Akaandika: *Mama.*

Ndani ya kibanda, ting.

Akaandika tena: *Mama.* Ting. *Mama.* Ting. Kivuli kikaacha kusogea. Akaandika mara ya nne, na ile ting ikalia nyuma ya pazia, ndogo, ya kawaida, kama kijiko kwenye glasi. Akafunua pazia.

Simu kuukuu ilikuwa ndani ya droo iliyo wazi, haina betri yake, imechomekwa ukutani. Swichi kuu ya kibanda ikiwashwa asubuhi, nayo inaamka. Ikizimwa jioni, inalala.

"Niliisahau laini," Bisibisi akasema. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Wallahi niliisahau. Ya kwanza ililia nikasoma nikidhani ni mteja. Ya pili nilisoma nikijua."

"Na zilizobaki?"

Macho yake yakashuka kwenye droo.

"Ile ya gauni la bibi harusi. Uliisoma?"

"Niliisoma."

Nyuma ya Sindano watu walikuwa wanapita na mizigo, wanaomba njia. Hakusogea.

"Ulikuwa unaandika. Nilikuona unaandika. Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba hukukosa. Kwamba mama yako angekuambia..."

"Kwa jina lake?"

"Ndiyo maana niliacha."

"Uliacha kuandika," Sindano akasema polepole. "Kusoma hukuacha." Akanyoosha kiganja. "Nipe mama yangu."

Bisibisi akachomoa waya. Akatoa laini, kijipande kisichofika ukucha wa kidole gumba, akaiweka kiganjani mwake. Sindano alikifunga kiganja, akapanda ngazi. Sanamu dirishani lilikuwa limempa mgongo. Upepo ulikuwa umeligeuza, au ndivyo alivyoona.

Kesho yake saa mbili na nusu hakuna aliyekuja. Wala keshokutwa. Chini ya jina pakaandikwa: alionekana mara ya mwisho Jumatatu, saa nane mchana. Mama alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na watu wa kumpa pole. Mama mdogo aliambiwa yote, hata ya upindo. Alisikiliza akipiga pasi, kisha akasema, "Gari sikuliamini hata siku ile, mwanangu. Ulikuja na nyuzi nyeupe mapajani." Akaendelea na pasi.

Bisibisi alipiga simu mara kumi siku ya kwanza, mara tatu ya pili, halafu akaacha. Hilo la kuacha ndilo lililomfanya Sindano amkumbuke.

Hakuweza tena kuandika kwenye simu. Kila akianza aliona jicho lile la lenzi, kubwa kama sahani. Lakini maneno hayakukubali kukaa ndani. Siku moja, anatia bitana kwenye koti la mteja, akachukua chaki ya kushonea akamwandikia mama yake mistari mitatu upande wa ndani wa kitambaa, akashona bitana juu yake. Akapumua. Tangu hapo ikawa desturi. Wapo watu wazima, hakimu mmoja, mwalimu mkuu, na bibi yule wa kilo kumi, wanaozunguka mjini mpaka leo na siri zake mgongoni, hawana habari.

Muuza viatu ndiye aliyekuwa gazeti. "Bisibisi kachizika. Katoa pazia, kaweka kiti. Simu yako anaifungua mbele yako, ukiondoka anakupa uondoke nayo. Jana kuna jamaa kalala kitini saa nne nzima anasubiri kioo. Namwambia utafukuza wateja, ananijibu, waniangalie mikono."

Mwezi wa pili tangu siku ile, Bisibisi alipanda. Alisimama nje ya mlango wa kijani, hakuingia. Shati halina kifungo cha tatu.

"Nimekuja kukuuliza kitu nisichojua jibu lake."

"Uliza."

Akapapasa pale penye kifungo kilichokosekana. "Umeamkaje?"

Sindano aliweka mkasi mezani. Miezi mingi hajaulizwa hilo na mtu asiyejua jibu.

"Vibaya," akasema. "Ila si kama jana. Ingia, simama kwenye mwanga. Nyoosha mikono."

Akampima. Hakumwambia kwa nini. Tepu ikazunguka kifua, shingo, mkono, ikagusa kovu begani.

"Hili?"

"Nilianguka darini, nachungulia barua za dada yangu. Nilikuwa na miaka tisa."

"Kumbe ugonjwa ni wa zamani."

"Wa zamani. Ndiyo natafuta dawa."

Alimuuliza mengi siku ile na siku zilizofuata, naye alijibu yote, hata aliyoona aibu kuyajibu. Wiki ya tatu akamkabidhi koti la kijivu, bega limekaa kama limeota hapo.

"Ulinitaka jibu. Nimeliandika kwa chaki, limo ndani ya bitana, upande wa kushoto. Ukifumua ukasoma, hata kama nimeandika ndiyo, limeshakuwa hapana. Vaa. Nitakuita."

"Lini?"

"Hilo pia hulijui."

Alilivaa miezi mitatu. Alilivaa kwenye jua mpaka jengo zima likamhurumia. Muuza viatu aliapa kwamba analala nalo. Sindano alimwona akipita koridoni, mkono wa kulia umeshikilia upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba yai.

Jumamosi moja akamwita. Alipanda taratibu, akalivua, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Kabla Sindano hajalinyanyua, akaliwekea kiganja.

"Ngoja niseme kwanza. Nilikata nyuzi mbili. Siku ya tatu, kwa wembe. Nikaacha hapo. Sikusoma, lakini nilikata."

Sindano akaligeuza koti. Chini kabisa, karibu na upindo, nyuzi mbili zilikuwa zimekatwa. Fundi mwingine yeyote asingeziona. Alizitazama, akamtazama yeye.

"Ungenyamaza, labda nisingeona."

"Najua."

"Kwa hiyo koti limeharibika."

"Najua," akasema, akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi? Kaa." Akaingiza vidole viwili kwenye ule mwanya, akavitoa. Vilikuwa safi. "Chaki haikai, Bisibisi. Wiki mbili za jasho imeshafutika. Humo ndani hamna kitu. Hata mimi siwezi kulisoma tena."

"Sasa nitalijuaje?"

Sindano alikata kipande cha uzi wa kijivu. Akalamba ncha, akainua sindano kwenye mwanga.

"Uliza," akasema.

Akauliza. Mama mdogo alizima pasi ili asikie vizuri, na muuza viatu aliegemea mlango mpaka ukalia, lakini Sindano alijibu kwa sauti ndogo, akiliambia tundu la sindano. Kilichosikika koridoni ni Bisibisi akisema, "Sijasikia vizuri," na Sindano akimjibu, "Sirudii." Kisha Mama mdogo akasema ni lazima lile kabati la vyombo livunjwe, maana wageni hawawezi kunyweshwa plastiki.

Jumatatu, saa mbili na nusu, mkono wa Sindano ulijiendea wenyewe kwenye simu. Chini ya jina la mama, mara ya mwisho ni ileile. Hapakuwa na mtu. Akaandika neno moja hata hivyo, lile aliloliambia tundu la sindano, akalituma. Tiki moja ya kijivu ikatokea, ikakaa peke yake, kama mtu aliyesimama mlangoni bila kubisha.